Viporo vya Kwilti: Walianza Wao, Wakamalizia Wengine, Jina Akapewa Nani?

Leo ni historia, ila usikimbie kwanza. Ndani yake kuna hela, kuna mashindano, na kuna mtu aliyebeba zawadi kubwa kwa kazi ambayo hakuishona. Kaa vizuri twende.

Neno kiporo wote tunalijua. Wali wa jana ni kiporo. Mechi ya ligi iliyoahirishwa nayo ni kiporo. Na kwa wale wenzangu na mimi tunaopenda mambo ya sindano na uzi, kiporo ni ile kazi iliyoanzwa kwa mbwembwe halafu ikaishia kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda. Sasa kuna viporo vya aina hiyo vimekaa miaka 50, vingine miaka 100, na walioanza hawapo tena duniani. Hivyo ndivyo nataka kuviongelea.

Kwilti ni kitu gani?

Kamusi zinaiita mfarishi, ila mtaani sijawahi kusikia mtu akisema hivyo, kwa hiyo tubaki na kwilti. Ni blanketi lenye tabaka tatu. Juu kuna uso, huo uliounganishwa kwa vipande vya vitambaa vya rangi tofauti. Katikati kuna pamba ya kuleta joto. Chini kuna kitambaa kizima. Halafu zote tatu zinashonwa kwa pamoja, mshono unapita juu mpaka chini, kitanda kizima.

Ule uso nao hautengenezwi mara moja. Unashona mraba mmoja mmoja, kila mmoja unaitwa bloku, ukishapata za kutosha unaziunganisha. Hapo ndipo raha yote ilipo. Unachagua rangi, unapanga, unapangua. Na gharama yake ni ndogo, maana vipande ni mabaki: gauni lililochakaa, shati la mzee, kitambaa kilichobaki baada ya kushona. Marekani kuanzia miaka ya 1920 viwanda viliuza unga na chakula cha kuku kwenye mifuko ya pamba yenye maua, na akina mama walikuwa wakimaliza unga wanafua mfuko wanashonea nguo. Mabaki ya hapo yakaingia kwenye kwilti.

Kazi inakwama uso ukishaisha. Sasa inatakiwa pamba, na pamba inanunuliwa. Inatakiwa kitambaa cha chini cha ukubwa wa kitanda, nacho ni hela. Inatakiwa fremu ya mbao ya kutandazia, na nyumba nyingi hazikuwa na nafasi, wengine waliifunga kwa kamba wakawa wanaipandisha darini usiku ili watu wapite. Halafu kuna wiki kadhaa za kushona kwa mkono. Hapo mtu akipata mtoto, akihama, akiumwa au akifariki, uso unakunjwa unawekwa sandukuni pamoja na bloku zilizobaki.

Ndiyo maana mpaka leo ukienda kwenye masoko ya mitumba Marekani unakuta nyuso za kwilti zinauzwa hivyohivyo, hazina pamba wala kitambaa cha chini. Ukimuuliza muuzaji nani alishona, hajui.

Kumaliziana kazi ni kawaida ya zamani

Usidhani kwilti moja lazima iwe ya mtu mmoja. Karne ya 19 vijijini Marekani, mwanamke akishamaliza uso wake aliwaita majirani. Wanazunguka ile fremu, kila mtu na sindano yake, wanapiga stori, wanakula, na jioni kazi imesogea sana. Ni kama sisi tunavyosaidiana kupika kwenye shughuli. Mwenye kwilti anajulikana na waliosaidia wanajulikana, kijiji kizima kinajua.

Kwa hiyo kumalizia kazi ya mwenzako hakukuwa wizi hata siku moja. Ubaya ulianza pale jina la mtu mmoja lilipobandikwa juu ya mikono ya wengi.

Shindano la 1933

Mwaka 1933 mji wa Chicago uliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Kampuni ya maduka ya Sears ikatangaza shindano la kwilti, zawadi ya kwanza dola 1,000. Kumbuka huo ni wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, watu hawana kazi, benki zimefungwa. Dola 1,000 ilikuwa hela ya kubadilisha maisha. Zikaingia kwilti zaidi ya 24,000. Fikiria, maelfu ya wanawake walioshika sindano usiku baada ya kazi za siku nzima, wakitegemea zile hela.

Aliyeshinda alikuwa mwanamke wa Kentucky mwenye duka la mambo hayohayo ya ushonaji. Kwilti yake ilikuwa ya nyota, kazi safi kabisa. Tatizo ni kwamba hakuishona yeye. Masharti yalitaka kwilti iwe kazi ya mikono ya mshiriki mwenyewe, lakini huyu aliwapa kazi wanawake wengine, mmoja akaunganisha uso, wengine wakaishona na kuijaza pamba. Zawadi ikaenda kwa mwenye duka, na wale wakabaki na ujira wao mdogo wa kushona. Hawakupiga kelele, kwa sababu walikuwa wanamtegemea huyohuyo kwa kazi, na wakati ule kazi ilikuwa haipatikani.

Ukweli ulijulikana baadaye sana, baada ya watafiti kuanza kufuatilia na kuongea na familia. Na kwilti yenyewe? Ilipelekwa kama zawadi kwa mke wa Rais Roosevelt, na mpaka leo haijulikani iko wapi.

Yaani kitu kizuri kuliko vingine 24,000 kimepotea, na walioshona nusura wapotee nacho.

Mabaki yaliyoingia makumbusho

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia blanketi za kiwandani zikawa bei chee, kushona kwilti kukaonekana ni umaskini. Sandukuni zikazidi kulala. Upepo ulibadilika mwaka 1971, jumba la Whitney pale New York lilipotundika kwilti za zamani ukutani kama michoro. Watu wakapigwa na butwaa. Ila kwilti nyingi za zamani za aina ile hazina jina la aliyeshona. Mchoraji anasaini picha yake, mama wa shamba hakuna aliyemwambia asaini blanketi.

Sasa twende Alabama, sehemu inaitwa Gee's Bend, ndani ya kona ya mto. Wanaoishi pale ni uzao wa watu weusi waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba palepale. Wanawake wa huko walishona kwilti kwa chochote kilichopo, hata suruali za kazi zilizochanika magotini. Mwaka 1966, wakati wa harakati za kudai haki za kupiga kura, wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kushona na kuuza kwilti ili wapate kipato chao wenyewe.

Mwaka 1972 ushirika ukapata oda ya kushona foronya za kodrai. Na oda ilitoka wapi? Kwa Sears walewale wa shindano! Foronya zilitakiwa zifanane zote, hakuna kujiongeza. Ila mabaki ya kodrai wanawake waliyabeba nyumbani, na huko nyumbani hakuna bosi. Wakayashona wanavyotaka wao, rangi za dhahabu, kijani, nyekundu, mistari imepinda kwa makusudi. Foronya leo hakuna anayezikumbuka. Kwilti za yale mabaki ndizo zinazotundikwa makumbusho. Maonyesho makubwa yalianza Houston mwaka 2002, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha za kwilti za Gee's Bend. Safari hii walioshona walitajwa kwa majina yao.

Na sisi tumo

Unaweza kusema hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Vuka bahari uende India, jimbo la Karnataka. Kule kuna watu wanaitwa Wasidi, uzao wa Waafrika waliopelekwa India miaka mingi iliyopita, wengi wao kutoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Wengine walienda kama watumwa, wengine kama mabaharia na askari. Mababu zao majina yao mengi hatuyajui.

Wanawake wa Kisidi wanashona kwilti inaitwa kawandi. Wanatandika sari ya zamani chini, halafu wanaanza pembeni kwa vipande vya nguo kuukuu, wanazunguka kuelekea katikati. Uso na tabaka zote zinashonwa hapohapo kwa pamoja, kwa hiyo hakuna ile hatua ya uso kukaa peke yake sandukuni. Mwisho kabisa wanaweka phula kwenye kona nne, yaani ua, ni vipande vidogo vya kitambaa vilivyokunjwa pembetatu. Wenyewe wanasema kwilti isiyo na phula iko uchi. Hata kama inakufunika vizuri, bado haijaisha.

Mimi hiyo nimeipenda sana. Vipande vidogo ambavyo wewe ungevitupa jalalani, kwao ndivyo vinavyofunga kazi.

Basi kiporo cha mtu kimaliziwe au kiachwe?

Hapa wataalamu wenyewe hawakubaliani. Kuna wanaosema acha kama kilivyo. Na wana hoja. Uso ambao haujafunikwa unaweza kuugeuza ukaona mgongo wake: mshono wa mkono au cherehani, uzi gani, na jinsi alivyounga vipande vitatu vidogo apate kimoja cha kutosha. Uingereza kuna namna ya kushona ambapo kila kipande kinakunjiwa kwenye karatasi, na ukimaliza karatasi inatolewa. Kama haijatolewa, inabaki ndani na maandishi yake, barua, risiti, gazeti. Kuna moja ya hariri yenye tarehe 1718, ndiyo ya zamani zaidi kujulikana Uingereza kwa zile zenye tarehe. Karatasi bado zimo, na jina la mshonaji ni herufi mbili tu, E na H. Ukiichomoa karatasi ile umefuta historia.

Upande wa pili wanasema mama yule hakushona ili watu wachungulie mgongo wa kitambaa. Alitaka mtu apate joto.

Mimi nasimama hapa: kama ni ya zamani sana au ina karatasi ndani, ionyeshe kwanza kwa mtu wa makumbusho. Kama ni uso wa kawaida wa bibi, umalizie. Ila fuata haya:

1. Kagua kabla ya kufua. Kwenye vitambaa vya karne ya 19, rangi ya kahawia na nyeusi mara nyingi ilitiwa chuma, inakula kitambaa chenyewe. Kinaweza kukatikia kwenye beseni.

2. Tumia bloku zilizobaki. Kama hazilingani ukubwa, zizungushie utepe wa kitambaa mpaka zilingane. Zikizidi, zishone kwenye upande wa chini.

3. Usikate kosa lake. Kona haijakutana? Iache. Hiyo ndiyo saini pekee aliyokuachia.

4. Ukiongeza kitambaa kipya kisijifanye cha zamani.

5. Weka lebo nyuma. Hii ndiyo muhimu kuliko zote. Andika kwa uzi au kalamu isiyochuja: nani alianza, wapi, lini, na nani alimalizia. Kama jina hulijui, andika "Ilianzwa na mwanamke tusiyemjua", halafu weka jina lako na mwaka.

Hiyo namba 5 inachukua dakika 10. Wale wa 1933 wangewekewa lebo hiyo, tusingesubiri miaka yote ile kujua nani alishona.

Na isiishie kwenye kwilti. Fundi wako wa kitenge pale mtaani ana mfuko wa mabaki sakafuni. Mama yako inawezekana ana kitambaa cha meza alichoanza kudarizi kabla hujazaliwa. Shangazi ana kapu la nyuzi. Waulize wakiwa bado wapo. Nani alianza? Alikuwa anamshonea nani? Kwa nini aliacha? Majibu yaandike, halafu shika sindano.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu kuna kiporo gani cha sindano, na kilianzwa na nani? Dondosha kwenye komenti, na ukimtaja, mtaje kwa jina lake.