Jalada la Kitabu ni Amana

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunapotaja jalada la kitabu hufikiria pambo tu. Wanachuoni waliotutangulia hawakulichukulia hivyo. Kwao jalada lilikuwa hifadhi ya elimu, nalo lina adabu na hukumu zake.

Tazama umbo lake. Vitabu vya Waislamu vilijalidiwa kwa ngozi, na jalada la nyuma likaongezwa kipande kiitwacho lisani, yaani ulimi. Kipande hicho hukunjwa kufunika ukingo wa kurasa, kisha huingizwa chini ya jalada la mbele, ili vumbi lisipenye na kurasa zisichakae. Katika misahafu mingi, juu ya ulimi huo iligongwa Aya ya 79 ya Suratul Waaqia, inayokumbusha tohara. Basi pambo lenyewe lilimuuliza msomaji: je, una udhu?

Fani hii iliandikiwa vitabu. Kitabu kinachonasibishwa na Al-Muizz bin Badis, mtawala wa Ifriqiya aliyefariki mwaka 1062, kinaeleza wino, kalamu na ujalidi. Bakr Al-Ishbili wa Andalusia alitunga kitabu kizima juu ya kazi hii. Mwaka 1619 fundi As-Sufyani wa Morocco naye akaandika chake. Huku kwetu, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika katika karne ya 18 na 19 kwa kunakili misahafu na kwa kazi ya ngozi.

Mafakihi nao hawakunyamaza. Ibn Al-Hajj, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki Misri mwaka 737 Hijria (1336 Miladia), katika kitabu chake Al-Madkhal alimwekea mjalidi adabu zake. Atie nia ya kuwasaidia ndugu zake kuhifadhi elimu. Azikague karatasi kuukuu anazozigandisha kutengenezea jalada, zisije zikawa na Aya, Hadithi au majina matukufu. Tena apange kurasa kwa utaratibu wake.

Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kwamba kauli sahihi ni kuwa asiye na udhu haruhusiwi kugusa hata jalada la msahafu. Jalada lililoungana na msahafu limepata heshima ya kile linachokihifadhi.

Sasa tujitazame. Niliwahi kununua kitabu cha fiqhi chenye jalada la kung'aa, maandishi yake ya rangi ya dhahabu. Kabla ya mwaka kwisha kurasa zilichomoka, na nilipozikusanya nikaona mlango wa talaka umetangulia mlango wa nikahi. Mwanafunzi asiye na mwalimu angesoma hivyo hivyo! Wengine huchapisha Aya juu ya majalada ya vijitabu vya matangazo, kisho vijitabu hivyo huishia jalalani.

Wachapaji wetu na wanaovigharimia vitabu waulizane mambo matatu kabla ya kuuliza bei: je, jalada hili litahifadhi? Je, linasema kweli juu ya yaliyomo ndani? Je, lililoandikwa juu yake litaheshimiwa kitabu kikichakaa? Nasi tulio misikitini na madrasa, tuvishone upya vitabu vilivyochanika kabla kurasa hazijapotea. Kitabu cha wakfu ni amana, na tutaulizwa juu ya amana.

Wabillahi tawfiq.