Tumbo kujaa gesi kila siku? Tafuta chanzo kwanza

Wadau, hapa Idodi nimeteseka miezi mitatu, tumbo limejaa kama ngoma. Nikabwia vidonge vya dukani, wapi! Nikaanza kuandika kila ninachokula. Kumbe maziwa: sukari yake isipomeng'enywa, bakteria wa utumbo mpana wanaichachua, gesi inajaa. Nikaacha wiki mbili, likatulia.

Vyanzo vingine:
- Maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji, pika na mapya.
- Soda na kula harakaharaka: unaingiza hewa.
- Kukosa choo: kunywa maji, tembea.
- Minyoo, jiadia, bakteria wa vidonda vya tumbo: kapime choo.

Ukikonda, ukitapika, ukiona damu chooni au tumbo halishuki kabisa, usibahatishe, wahi hospitali.

Wewe je, tumbo lako linagombana na nini?