Gazeti na Nguo ya Kuazima

Mwaka 1961 wananchi wa mkoa wa Luapula, unaofika hadi Nchelenge kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, walifunga barabara na kubomoa madaraja kuupinga ukoloni katika Rhodesia ya Kaskazini. Gazeti kubwa la nchi hiyo, Northern News, lilikuwa mali ya kampuni ya Argus ya Afrika Kusini.

Sauti tofauti ilitoka Lusaka. African Mail, gazeti la kiliberali, lilianzishwa mwaka 1960 na Dakta Alexander Scott kwa msaada wa fedha za David Astor, mhariri wa The Observer la London. Chini ya mhariri Richard Hall, lilitetea haki ya Waafrika kujitawala.

Lakini wahenga walinena: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka 1965, baada ya uhuru, serikali ya Zambia ililinunua. Tangu mwaka 1970 likaitwa Zambia Daily Mail.

Mvuvi wa Mweru alihitaji gazeti la kuukosoa ukoloni. Baada ya uhuru alihitaji pia gazeti la kuikosoa serikali aliyoichagua mwenyewe. Ujasiri wa wahariri huanzisha gazeti kama hilo. Senti za wasomaji wake ndizo hulidumisha.