Siku Moja, Asili Mbalimbali: Usiku Mrefu wa Desemba katika Historia ya Kalenda

Kila mwaka, tarehe 21 au 22 Desemba, nchi zilizo kaskazini mwa Ikweta hupata mchana mfupi kuliko yote ya mwaka. Jijini Stockholm jua huonekana kwa takribani saa sita tu, ilhali katika Afrika Mashariki badiliko hilo ni dogo mno. Kwa kuwa jamii nyingi za kaskazini huadhimisha siku hiyo, ni rahisi kudhani kwamba sherehe zake zote ni matawi ya shina moja. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba tarehe ni zao la hesabu ya kalenda, na peke yake haithibitishi asili ya sikukuu.

Nchini China, sikukuu ya Dongzhi ni mojawapo ya vipindi 24 vya mwaka wa jua. Wakati wa nasaba za Ming na Qing, siku hiyo mfalme alitoa sadaka kwa Mbingu katika hekalu lililojengwa Beijing mwaka 1420. Ibada hiyo ilidhihirisha uhalali wa utawala wake. Ndiyo maana Yuan Shikai, rais wa jamhuri aliyetaka kujitawaza, aliifufua Desemba 1914. Utawala wa kifalme ulikoma, lakini familia zimeendelea kukutana mezani: wengi wa kaskazini hula vifuko vya unga vilivyojazwa nyama, na wengi wa kusini hula vidonge vya unga wa mchele katika mchuzi.

Nchini Iran, Yalda ni usiku wa kuamkia tarehe mosi ya mwezi wa Dey. Jina hilo ni la Kisiria na lina maana ya kuzaliwa. Jina jingine, Chelleh, linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya arobaini, kwa sababu usiku huo hufungua siku 40 za kwanza za majira ya baridi. Jamaa hukesha nyumbani kwa mzee wa familia, wakila makomamanga na matikiti maji na kusoma mashairi ya Hafez. Mhimili wa Yalda, basi, ni baraza la wazee na wajukuu, si madhabahu ya mfalme. Jua liliwapa Wachina na Waajemi usiku uleule; maana yake kila jamii iliiunda yenyewe.

Uswidi inatoa ushahidi wa namna nyingine. Sikukuu ya Mtakatifu Lucia, inayopambwa kwa mishumaa, huadhimishwa tarehe 13 Desemba. Katika karne ya 14, kwa kalenda ya Juliasi, usiku mrefu zaidi uliangukia karibu na tarehe hiyo. Uswidi ilipohamia kalenda ya Gregori mwaka 1753, siku 11 ziliondolewa, lakini sikukuu ilibaki kwenye tarehe yake. Hivyo leo Lucia na Yalda zinatengana, ingawa zote mbili zilihusishwa na usiku mrefu kupita wote.

Kinyume chake kinaonekana Zanzibar. Mwaka Kogwa wa Makunduchi hufuata mwaka wa Nairuzi, jina litokanalo na Nouruzi ya Waajemi, ambayo husherehekewa Machi. Hata hivyo, mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila siku ya nyongeza, hivyo husogea takribani siku moja kila baada ya miaka minne, na sasa huangukia Julai.

Kwa hiyo, siku moja haimaanishi asili moja, wala asili moja haimaanishi siku moja. Mtafiti anayezipanga sikukuu kwa tarehe tu atawafanya wageni kuwa ndugu na ndugu kuwa wageni. Kabla ya kulinganisha, hana budi kwanza kuuliza siku hiyo ilihesabiwa kwa kalenda ipi, na kwa mamlaka ya nani.