Pingili na Mbegu: Urithi wa Mkulima wa Ufipa

Chama kinapotimiza miaka 10 ni desturi kuhesabu magunia na fedha. Yafaa pia tuikumbuke mali isiyoandikwa katika daftari la mweka hazina: mbegu iliyotunzwa ghalani na pingili iliyoombwa kwa jirani.

Uwanda wa juu wa Ufipa ni nchi ya nyasi nyingi na miti michache. Wazee wetu waliofua chuma walijenga matanuru marefu kupita kimo cha mtu, nao walihitaji makaa mengi ili wapate jembe. Kwa jembe hilo walifanya matuta ya mviringo yaitwayo ntumba: nyasi zilikusanywa, zikafunikwa kwa udongo, zikaoza na kuwa mbolea. Ulezi ulipopandwa humo, mbegu yake ilikuwa imetoka katika mavuno ya nyumbani.

Muhogo una historia nyingine. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Ulienea mkono kwa mkono hata ukafika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa kipande cha shina chatosha kuanzisha shamba. Lakini pingili si mtoto mpya. Ni mama yule yule aliyehamia pengine. Akiwa na afya, afya huja naye. Akiwa mgonjwa, ugonjwa husafiri naye. Habari za batobato la muhogo ziliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kituo cha Amani, huko Usambara, walianza kutafuta muhogo wenye kustahimili maradhi. Hawakuupata kwa pingili peke yake. Waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara, wakaotesha mbegu, wakatupa miche dhaifu na kuiacha iliyo imara. Ndipo waliporudia pingili ili waizidishe ile miche bora. Matunda ya kazi hiyo yalipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na huko yakawa msingi wa aina nyingine nyingi.

Basi tujue kwamba mbegu hutafuta kipya, na pingili hutunza kilichopatikana. Kila moja ina kazi yake. Mwanachama na akate pingili katika mmea aliouona mwenyewe ukiwa na majani mazima, wala asipokee mzigo usiojulikana ulikotoka. Mwenye kitalu cha mikaratusi naye asiipande karibu na chemchemi, maana mti huo hunywa maji mengi.

Na kwa viongozi neno ni zito zaidi. Jirani akigawa pingili mbovu, huharibu shamba moja au mawili. Chama kikigawa bila kukagua, huharibu wilaya nzima. Hivyo kabla ya kugawa, tukague.