Majestic ya Vuga na Hatima ya Majumba ya Sinema ya Unguja

Mwaka 2025 jengo la sinema la Majestic, lililopo Vuga katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilitimiza miaka 70 tangu lilipojengwa upya, na umri huo ulilifikia likiwa limechakaa, huku mjadala juu ya majengo yapi ya mji huo yastahili kuokolewa ukiwa bado haujatulia. Mjadala huo ulipamba moto baada ya tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa na Sultani Barghash, iliporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili, na tangu hapo lawama, ahadi na mipango imeelekezwa zaidi kwenye makasri, ngome na milango ya nakshi. Majumba ya sinema hutajwa kwa nadra katika mijadala hiyo, ingawa kwa zaidi ya nusu karne ndiyo yaliyokuwa kumbi za umma zilizowapokea wakazi wengi zaidi wa mji kuliko kasri lolote.

Sehemu kubwa ya yanayofahamika kuhusu majumba hayo imekusanywa na mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, ambaye aliwahoji watazamaji, wenye majumba na wafanyakazi wao katika miji mbalimbali ya Tanzania, kisha akachapisha mwaka 2018 kitabu kiitwacho Reel Pleasures. Hoja yake kuu ni kwamba sinema katika Afrika Mashariki haikuwa chombo kilicholetwa na wakoloni na kupokewa na wenyeji waliokaa kimya, bali ilikuwa biashara iliyojengwa na wafanyabiashara wa mitaani, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, waliowafahamu wateja wao na kuishi miongoni mwao.

Mfano wa kwanza wa wafanyabiashara hao ni Hassanali Adamji Jariwalla, mhamiaji kutoka Bara Hindi aliyeanza kwa kuonyesha picha katika hema, kisha katika banda ambalo watu waliliita Sinema ya Bati, na hatimaye katika jumba la fahari la Royal lililofunguliwa Vuga mwaka 1921. Mchoro wa Royal ulitoka mikononi mwa John Houston Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyefikia cheo cha Balozi Mkazi, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza katika dola ya Sultani, na ambaye ndiye aliyebuni pia Beit el Amani, jengo la makumbusho lenye kuba lililopo Mnazi Mmoja. Picha za wakati huo zilikuwa bubu, yaani zilionyeshwa bila sauti za wachezaji, hadi filamu zenye sauti zilipoanza kuingia katika miaka ya 1930, baada ya India kutoa Alam Ara, filamu yake ya kwanza ya kuzungumza, mwaka 1931. Royal, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Majestic, liliteketea kwa moto, na mahali pake pakasimama mwaka 1955 jengo la sasa, lililosanifiwa na Dayalji Pitamber Sachania kwa mtindo wa kisasa wa enzi hiyo, wenye mistari iliyonyooka na uso usio na nakshi nyingi. Kufikia wakati huo mji ulikuwa pia na Empire, lililokuwa Darajani karibu na soko, na Sultana, lililokuwa Malindi.

Majumba hayo yalitofautiana na kumbi nyingine za zama za ukoloni kwa namna yalivyowapanga watu. Nchini Kenya na katika nchi za kusini mwa Afrika sheria na desturi za ubaguzi ziliwatenga watazamaji kwa rangi, na katika Tanganyika bodi za ukaguzi wa filamu ziliweka daraja la picha ambazo Waafrika hawakuruhusiwa kuziona, lakini ndani ya ukumbi wa Unguja mgawanyo mkubwa ulikuwa wa bei ya tiketi. Mwenye uwezo alikaa ghorofani, na mwenye senti chache alikaa mbele karibu na pazia, shingo ikiwa imeinuliwa, ambako kelele za kumshangilia nyota na kumzomea jambazi zilikuwa kubwa zaidi. Hilo halina maana kwamba ukumbi uliondoa tabaka, kwa kuwa fukara na tajiri hawakukaa safu moja, bali lina maana kwamba mkazi wa Ng'ambo, eneo la ng'ambo ya iliyokuwa hori ya bahari, ambako waliishi watu wengi wa kipato cha chini, aliingia kwa mlango uleule na kutazama picha ileile aliyoitazama mwenye nyumba ya mawe, na kesho yake wote wawili walikuwa na habari moja ya kuzungumza barazani.

Nafasi ya wanawake inastahili kuelezwa peke yake, kwa sababu katika mji ambao heshima ya mwanamke ilipimwa kwa sitara, sinema ilikuwa miongoni mwa sababu chache zilizokubalika za kutoka nyumbani jioni. Wenye majumba waliandaa maonyesho ya zanana, yaani maonyesho ya wanawake pekee, ambamo akina mama na mabinti walifika kwa makundi wakiwa wamevaa mabuibui, wakakaa bila kuchelea macho ya wanaume, na wakapata nafasi ya kuonana na jamaa na marafiki wa mitaa ya mbali. Siku za Idd shughuli ilizidi, kwa kuwa watoto waliovishwa nguo mpya na kupewa fedha za sikukuu walitoka kwenye bembea na vyakula vya Mnazi Mmoja wakaelekea Vuga, umbali wa hatua chache, na foleni za tiketi zikawa sehemu ya sikukuu yenyewe.

Nyuma ya starehe hiyo palikuwa na kazi ambayo mtazamaji hakuiona. Nakala ya filamu ilikuwa ya gharama, ikasafirishwa kwa meli na kuzungushwa mji hadi mji, na ilipotokea picha inayotakiwa na watu wengi, nakala moja iliweza kuonyeshwa katika majumba mawili usiku mmoja kwa kupishanisha saa za kuanza, ambapo kila mkanda ulipomalizika ulichukuliwa na kijana aliyeukimbiza kwa baiskeli hadi jumba la pili kabla mkanda uliotangulia haujakwisha huko. Nje ya mlango walisimama walanguzi, yaani watu walionunua tiketi nyingi mapema na kuziuza kwa bei ya juu baada ya dirisha kufungwa, nao walilaumiwa na kila mtu na kutafutwa na kila aliyechelewa.

Picha iliyojaza majumba hayo kuliko nyingi, na ambayo Fair anaipa nafasi kubwa katika utafiti wake, ni Awara, filamu ya Kihindi iliyotolewa mwaka 1951 na kuongozwa na Raj Kapoor, ambaye pia ndiye mchezaji wake mkuu akiwa na Nargis. Kisa chake kinaanza na hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi na mtoto wa mtu mwema hana budi kuwa mwema, na ambaye kwa imani hiyo anamtia hatiani mtu asiye na kosa. Mtu huyo, Jagga, anageuka jambazi kweli, anamteka mke wa hakimu, na baada ya kugundua kwamba ni mjamzito anamrudisha, akijua kuwa fitina itamaliza kazi. Hakimu anaingiwa na shaka, anamfukuza mkewe usiku, na mtoto anayezaliwa njiani anakulia katika mtaa wa mafukara wa Bombay, analelewa katika wizi na Jagga yuleyule, kisha anampenda Rita, binti msomi anayelelewa na hakimu ambaye kijana hajui kuwa ni baba yake. Mwishoni Rita ndiye anayesimama mahakamani kumtetea mpenzi wake mbele ya baba aliyemkana.

Watazamaji wengi wa Unguja hawakujua Kihindi, lakini walikifuata kisa kwa nyuso, kwa nyimbo na kwa msaada wa majirani waliojua lugha, na waliporudi nyumbani walikuwa na mzozo wa kutosha wiki nzima. Fair anasisitiza upande wa mapenzi, kwa kuwa kizazi cha vijana wa miaka ya 1950 kilikuwa kinagombana na wazee juu ya haki ya kujichagulia mchumba, na Awara, pamoja na filamu nyingine za Kihindi, ziliwapa vijana mfano wa mapenzi yanayovuka tabaka na kuwapa wazee mfano wa balaa linalofuata mapenzi hayo. Binti aliyetaka kumwambia mama yake jambo zito aliweza kulisema kwa kumtaja Rita, na mama aliweza kumjibu kwa kumtaja mke wa hakimu, aliyefukuzwa kwa neno la watu tu.

Kisa hicho, hata hivyo, kilikuwa na upande mwingine ambao Unguja ya wakati ule haikuweza kuupita bila kuugusa. Chama cha Zanzibar Nationalist Party, kilichoitwa Hizbu, kilianzishwa mwaka 1955, mwaka uleule Majestic mpya ilipojengwa, na Afro-Shirazi Party ikafuata mwaka 1957, ukaanza muongo ambao Wazanzibari wanaukumbuka kwa jina la zama za siasa, ambapo asili ya mtu, kabila lake na mahali alipotoka babu yake viligeuzwa silaha za jukwaani. Katika mji wa namna hiyo, filamu inayouliza kama mtu huwa alivyo kwa nasaba au kwa malezi haikuwa hadithi ya Bombay peke yake, na hakimu aliyemhukumu mtu kwa damu yake, kisha akaadhibiwa kwa damu yake mwenyewe, alikuwa na wafuasi na wapinzani katika kila baraza. Ni vigumu kupata mahali pengine katika mji huo ambapo mwana wa mwenye shamba la karafuu na mwana wa mchumaji karafuu waliwekewa swali hilo kwa wakati mmoja, katika giza moja, bila mhutubu wa chama kuwapa jibu.

Athari ya picha hizo ilivuka milango ya ukumbi na kuingia katika muziki. Filamu za Misri, ambazo nyota wake walikuwa waimbaji kama Umm Kulthum na Farid al-Atrash, zilipendwa na wapenzi wa taarabu ya Unguja, iliyokuwa na mafungamano ya siku nyingi na muziki wa Cairo, na katika pwani ya Kenya Juma Bhalo alijipatia jina kwa mashairi ya Kiswahili yaliyoimbwa kwa mahadhi ya filamu za Kihindi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 majumba ya Unguja yalichukuliwa na serikali, na Sultana, ambalo jina lake halikuweza kubaki katika nchi iliyokwisha kumwondoa Sultani, likaitwa Cine Afrique. Bara, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo iliwaondolea wafanyabiashara wengi wenye asili ya Asia umiliki wa nyumba zao. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka 20 hivi kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote, na katika miaka ya 1980 mikanda ya video, mingi ikiletwa kutoka Dubai na Oman na jamaa waliohamia huko, iliifanya sebule kuwa ukumbi. Majumba yalipungukiwa na wateja, yakakosa filamu mpya, vipuri na matengenezo, na moja baada ya jingine yakafunga. Dar es Salaam, ambayo ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Cameo na mengineyo, haikusalimika, na uwanja wa sinema ya magari uliofunguliwa Msasani mwaka 1966 umegeuka eneo la ubalozi wa Marekani, uliohamia huko baada ya shambulio la bomu la mwaka 1998.

Ni rahisi kuitupia video lawama zote, na maelezo hayo huwafaa wale ambao wangepaswa kuyatunza majengo. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, wakati mji ulipokuwa unabomoka, na mwaka 2000 Unesco iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, lakini thamani iliyotangazwa ni ile ya mji wa biashara wa Waswahili, Waarabu, Wahindi na Wazungu uliokamilika zaidi katika karne ya 19, na jengo la mwaka 1955 halina nafasi ya wazi katika simulizi hiyo. Matokeo yake ni kwamba Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, limekuwa likiwakaribisha wageni wa dunia ndani ya Ngome Kongwe, mahali palipojengwa kwa vita na kutumika kama gereza, wakati ukumbi uliojengwa kwa ajili ya filamu upo mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Asasi ya Hifadhi Zanzibar imekuwa ikipigania mpango wa kuirudisha Majestic iwe ukumbi wa utamaduni, na juhudi hiyo inastahili kuungwa mkono kwa fedha za umma na si kwa misaada ya nje pekee. Wakati mpango huo ukiendelea, iko kazi isiyohitaji saruji wala mhandisi, nayo ni kurekodi kumbukumbu za waliokaa katika viti vile, wakiwemo wanawake wa zanana, waonyeshaji wa mikanda, waendesha baiskeli na walanguzi, na kuziweka katika Nyaraka za Taifa Zanzibar kwa Kiswahili, lugha ambayo zilisimuliwa kwayo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Majestic mpya ilipojengwa alitimiza 90 mwaka 2025, na kwa sababu hiyo kazi ya kurekodi ndiyo inayopaswa kutangulia, hata kama bajeti ya paa itachelewa.