Machemba wa Luagala, Mwanasiasa wa Mpakani

Machemba, mtawala wa Wayao aliyekuwa na makao yake Luagala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, hukumbukwa zaidi kama mpiganaji, ilhali mwenendo wake kati ya mwaka 1890 na 1899 unaonyesha kwamba alikuwa kwanza mwanasiasa, aliyeshika bunduki pale maneno yalipokwama.

Wayao walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji kwa makundi katika karne ya 19, na baadhi ya viongozi wao wakajijengea himaya ndogo juu ya biashara ya misafara. Pembe za ndovu, mpira wa mwituni na hata binadamu waliouzwa utumwani waliteremshwa Lindi na Mikindani, na kutoka huko zikapanda nguo, baruti na magobore, yaani bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Aliyeidhibiti njia hiyo ndiye aliyewagawia wafuasi mali na silaha, na hivyo ndiye aliyewatawala.

Pwani ilipoasi utawala wa kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, Lindi na Mikindani ziliponyoka mikononi mwa kampuni hiyo hadi Mei 1890, kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipozirejesha kwa nguvu na kuwataka watawala wa bara watii. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili, lugha ya biashara na ya diplomasia ya wakati huo, akieleza kwamba yu tayari kwa urafiki lakini si kwa utii, na kwamba hatashuka pwani: Mjerumani akijiona ana nguvu, na apande mwenyewe kumfuata. Askari walipopanda, vichaka vizito vya uwanda huo, ambamo safu ya jeshi hulazimika kupita kwa kufuatana mmoja mmoja, viliwapa watetezi nafasi ya kuvizia, na wavamizi wakarudi bila ushindi.

Mwaka 1891 pande hizo mbili zilipatana, na kwa miaka kadhaa Machemba akabaki akitawala kwa namna yake, wakati Matola wa Newala, Myao mwenzake, alikuwa amechagua njia ya urafiki na wamisionari wa Kianglikana. Mapatano hayo hayakuhimili kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, kwa kuwa mtawala anayewakusanyia wengine kodi hugeuka kuwa karani wao.

Mwaka 1899 Wajerumani walipeleka kikosi kikubwa, na Machemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mto huo ulikuwa umefanywa mpaka mwaka 1886 kwa makubaliano ya Ujerumani na Ureno, bila wenyeji kuulizwa; hata hivyo mpaka huohuo, uliochorwa ili kugawana nchi yake, ndio uliowazuia Wajerumani kumkamata.